Pimeni maji kabla ya kuamuru mabwawa ya uani yafukiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloanzia kwenye neno moja la Kiswahili. Tunaposema "kiluwiluwi" tunaweza kuwa tunamtaja mtoto wa mbu au mtoto wa chura, kwa kuwa lugha yetu imewapa wote wawili jina moja. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hilo halina madhara, lakini neno hilo linapoingia katika kampeni ya malaria, ikatangazwa kwamba viluwiluwi waangamizwe na maji yote yaliyotuama yafukiwe, chura huhukumiwa pamoja na mbu, na bwawa dogo la uani lenye uhai huhesabiwa sawa na tairi bovu lililojaa maji ya mvua.

Nasema haya kwa sababu yamenikuta. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Biolojia, mkazi wa Morogoro, na kwa miaka 7 nilikuwa na bwawa nyuma ya nyumba yangu, lenye urefu wa meta 4 na upana wa meta 3. Sikulichimba ili nifuge samaki wa kula wala kwa ajili ya mapambo. Nililichimba kwa ajili ya vyura, kereng'ende na ndege waliokuwa wakizidi kuadimika mtaani kwetu kadiri mabonde yalivyojazwa kifusi na kujengwa nyumba. Masika iliyopita ulifanyika ukaguzi wa nyumba kwa nyumba wa kutafuta mazalia ya mbu. Afisa aliyeingia kwangu aliyatazama maji akiwa amesimama, akaona viluwiluwi weusi wamejaa ukingoni, akaandika kwamba bwawa lifukiwe ndani ya siku 7. Nilimwomba tuchote maji tuyatazame pamoja, lakini alikuwa na mtaa mzima wa kumaliza kabla ya jua kuzama. Nilitii. Nilimwaga toroli zipatazo 70 za kifusi juu ya maji ambayo asubuhi ile ile nilikuwa nimeyachota mara 10 bila kukuta kiluwiluwi hata mmoja wa mbu, na huku nje ya ukuta, kwenye njia ya kuelekea gulioni, tairi 2 za lori zilizotelekezwa zilikuwa zimejaa viluwiluwi wa mbu mpaka maji yakionekana yanacheza.

Kuwatofautisha viumbe hawa hakuhitaji maabara. Chukua bakuli jeupe, likaribie bwawa polepole bila kivuli chako kutangulia juu ya maji, kwa sababu mtoto wa mbu akihisi kivuli huzama chini, kisha chota kwa haraka pale ukingoni penye majani na usubiri maji yatulie. Mtoto wa chura ana kichwa cha mviringo na mkia bapa, naye huogelea kwa mkia kama samaki na kurudi kutafuna ukoko wa kijani ulioshika kwenye majani na mawe. Mtoto wa mbu ni mwembamba, hafiki sentimita 1, huenda kwa kujinyonganyonga, na hawezi kukaa mbali na uso wa maji kwa muda mrefu kwa kuwa huko ndiko anakovuta hewa. Ukimwona amelala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea, huyo ni wa jamii ya Anopheles, mbu wa malaria; ukimwona amening'inia kichwa chini, mkia juu, basi ni wa jamii ya Culex au Aedes, mbu wasioeneza malaria. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza waliweza kazi hii baada ya kuonyeshwa mara moja, na sioni sababu ya mkaguzi kuingia kwenye ua wa mtu bila bakuli.

Msomaji ataniuliza kwa nini maji ya bwawa langu, ambayo nayo yametuama, yasijae mbu. Jibu ni kwamba kiluwiluwi wa mbu anahitaji siku kati ya 7 na 14 hivi, kutegemea joto, ili awe mbu kamili, na siku hizo zote lazima apone mbele ya wanaomla. Tairi, kifuu, pipa na unyayo wa ng'ombe barabarani havina wa kumla, na ndiyo maana mbu wa jamii ya Anopheles gambiae hupendelea vidimbwi vidogo vya muda mfupi vilivyo juani. Bwawa lenye umri wa miezi kadhaa lina jeshi lake. Mtoto wa kereng'ende huishi ndani ya maji, hana mabawa, ana rangi ya tope, na chini ya kichwa chake kuna mdomo uliokunjwa kama mkono, ambao huuchomoa ghafla kumnasa kiluwiluwi anayepita. Wapo pia wadudu waogeleao chali, ambao hukaa chini kidogo ya uso wa maji wakisubiri chochote kinachotikisika. Nimekaa kando ya bwawa alfajiri nikamtazama mtoto wa kereng'ende akipanda bua la ndago, akajishika, mgongo wake ukapasuka, akatoka kereng'ende mwenye mabawa yaliyokunjamana, akayaacha yakauke kwa zaidi ya saa moja kabla ya kuruka. Gamba lake tupu lilibaki kwenye bua kwa wiki nzima.

Hata hivyo, sitaki kumdanganya mtu. Yupo mbu aitwaye Anopheles funestus, ambaye hupenda maji ya kudumu yenye majani kandokando, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameonyesha kwamba katika Bonde la Kilombero, mkoani kwetu, yeye ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria. Kwa hiyo, bwawa lililochimbwa likaachwa, likasongwa na majani mpaka wadudu walao viluwiluwi wasipate pa kupita, ni hatari ya kweli. Asiyekuwa tayari kulitazama bwawa lake kila wiki asichimbe. Ninachokipinga ni hukumu ya jumla isiyopima, kwa sababu inamwadhibu anayetunza na kumwacha mwenye matairi. Wakazi wa Dar es Salaam waliopitia milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019 wanajua kwamba mbu wake, Aedes aegypti, huzaliana hasa kwenye vyombo vya majumbani: ndoo, matairi, makopo na vyungu vya maua.

Sasa nieleze namna ya kulijenga, kwa kuwa kosa kubwa nililifanya mimi mwenyewe mwanzoni. Nilimwita fundi wa kujenga mashimo ya vyoo, naye akanijengea kile anachokijua: kuta 4 zilizosimama wima, zimepigwa lipu laini. Ilipendeza macho. Katika mwezi wa pili tangu lijengwe nikamkuta kalunguyeye amekufa maji, kucha zake zimekwanguka kwa kutafuta pa kushika, na wiki hiyo hiyo vyura wadogo waliokwisha kuota miguu wakafa kwa wingi kwa sababu hawakuwa na pa kupandia nchi kavu. Nilibomoa upande mmoja kwa sururu, nikaufanya mteremko wa taratibu wenye kokoto, unaoanza na kina cha sentimita 2 au 3 tu na kwenda mpaka sentimita 60 katikati. Tangu siku hiyo hakufa mnyama mwingine. Kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu kuhusu ujenzi, ningesema mteremko huo. Ndege huoga hapo, nyuki hunywa hapo, na chura hutoka hapo.

Saruji si lazima. Ikitumika, bwawa lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kwa wiki chache, kwa kuwa saruji mpya hutoa chokaa inayoua viumbe wa majini. Nafuu zaidi ni karatasi nzito ya plastiki inayotandikwa kwenye mabwawa ya samaki, ikitanguliwa na mchanga na magunia ya zamani ili isitobolewe na mawe. Penye udongo wa mfinyanzi, udongo huo huo ukiloweshwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka hushika maji vizuri. Ukingo wote uwe sawa, na hapo pima maji ya fundi haina mbadala, maana tofauti ya sentimita 5 kati ya upande na upande huacha plastiki wazi juani na maji yakimwagikia upande mmoja. Bwawa likae mbali na mwembe au mti wowote unaopukutisha majani mengi, lipate jua angalau nusu ya siku, na lisiwe karibu na choo.

Kwa maji ya kulijaza, tutazame juu ya mabati. Kila milimita 1 ya mvua inayonyesha juu ya meta 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1, na hivyo paa la meta 80 za mraba likipata mvua ya milimita 50 hukusanya takribani lita 4,000, ambazo zinatosha kulijaza bwawa kama langu. Wakati wa kiangazi maji hushuka kwa karibu nusu sentimita kwa siku, sawa na ndoo 3 za lita 20, nami huziongeza kutoka kwenye tangi la mvua. Anayelazimika kutumia maji ya bomba ayaache kwenye pipa lililo wazi kwa siku moja au mbili ili klorini itoke, na asiyaache zaidi ya hapo, kwa sababu pipa lililo wazi ndilo zalia la mbu tunalolizungumzia.

Kuna mambo 3 ya usalama ambayo mzazi yeyote atayauliza kabla ya kuuliza habari za vyura. La kwanza ni watoto. Mtoto mdogo anaweza kufa maji katika kina kisichofika magotini, kwa hiyo kwangu kuna uzio wa wavu wenye urefu wa meta 1.2, geti lenye kufuli, na wavu wa nondo uliolazwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, ambao chura hupita na mtoto hapiti. La pili ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake huja pamoja na mimea inayong'olewa kwenye majaruba ya mpunga na mifereji, na vimelea hivyo huingia majini kupitia mkojo au kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Mimea ioshwe na kukaguliwa jani kwa jani, na mtu asioge wala kujisaidia karibu na bwawa. La tatu ni nyoka. Penye vyura nyoka anaweza kuja, na mwenye kukataa hilo hasemi ukweli. Nyasi zifyekwe kwa upana wa meta 2 kuzunguka bwawa na bwawa lenyewe liwe mbali na mlango wa nyumba.

Katika mimea, yungiyungi hufunika sehemu ya maji, huleta kivuli na kupunguza mwani. Ndago na mafunjo hukaa kwenye vyungu ili mimea hiyo isitawale bwawa. Matete niliyang'oa kwa sababu mizizi yake hutoboa plastiki. Gugumaji lisiingizwe hata kwa uzuri wa maua yake. Lilitoka Amerika ya Kusini, likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wa Mwanza na Kisumu hawahitaji kuelezwa lilichowafanyia.

Wanyama wasiletwe, watakuja wenyewe. Rafiki zangu kadhaa waliniahidi kuniletea vyura kutoka mito ya Uluguru, nikawakatalia kwa sababu ya habari ya chura wa Kihansi. Chura huyo mdogo, ambaye huzaa badala ya kutaga, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi, katika eneo la hekta chache tu. Bwawa la umeme lilipoanza kuyachepusha maji mwaka 2000, rasharasha zikapungua, na kisha kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura akagunduliwa hapo hapo. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Anaishi leo kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa kutunzwa katika bustani za wanyama za Marekani, wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na wakaanza kurejeshwa Kihansi mwaka 2012. Kuvu huyo husafiri pamoja na chura, na hata pamoja na tope la kwenye buti. Kumhamisha chura kutoka mto mmoja hadi bwawa lingine kwa nia njema kunaweza kuwa mwanzo wa msiba. Samaki nao niliwajaribu. Perege 6 walimaliza viluwiluwi wa mbu, wakamaliza pia watoto wa chura na wa kereng'ende, na bwawa likawa kimya. Niliwatoa.

Kwa kuwa sikuleta kitu, kila aliyekuja alikuwa mgeni wa kweli. Vuli ya mwaka wa pili nilikuta kwenye tawi lililoinamia maji bonge la povu jeupe, kubwa kama ngumi 2. Mke wangu alidhani mtu amemwaga sabuni. Lilikuwa kiota cha chura wa mitini, ambaye jike hutoa majimaji na kuyapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yaumuke kama ute wa yai, akataga ndani yake, na nje pakakauka kama ganda. Siku chache baadaye sehemu ya chini ya povu ililainika na watoto wakaanza kudondoka majini, mmoja mmoja kama matone. Tuliweka viti tukatazama mpaka giza lilipoingia. Mdiria naye huja asubuhi, hukaa kwenye fito ya uzio, na hutoka na mtoto wa chura mdomoni, jambo ambalo wajukuu wangu hulilalamikia sana.

Utunzaji wenyewe hauchukui zaidi ya saa moja kwa wiki. Maji mapya yakigeuka kijani yasimwagwe. Yaachwe wiki kadhaa, mimea ikishika yatatakata. Majani makavu yatolewe kwa wavu. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli, tope na mimea iliyozidi hupunguzwa kwa theluthi moja tu kwa wakati, na vilivyotolewa huachwa ukingoni usiku mmoja ili wadudu warudi majini. Dawa za kupulizia nyanya na maji ya sabuni visifike hapo. Viluwiluwi wa mbu wakipatikana, tuna viuadudu vya kibaiolojia vinavyotengenezwa Kibaha, vyenye bakteria wanaoua watoto wa mbu bila kudhuru vyura wala samaki; kumwaga oili chafu au mafuta ya taa, kama wengi wanavyofanya, ni kuua jeshi zima lililokuwa likitufanyia kazi bure.

Kila Februari 2 nchi yetu huadhimisha Siku ya Ardhi Oevu Duniani, na tuna haki ya kujivunia kwamba Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa yametambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, unaohusu uhifadhi wa ardhi oevu. Vidimbwi na mabwawa madogo ya mijini hayamo katika orodha yoyote. Naziomba halmashauri zetu zifanye mambo 2 katika ukaguzi ujao: kila mkaguzi apewe bakuli jeupe na afundishwe kumtambua mtoto wa mbu, na amri ya kufukia itolewe tu pale viluwiluwi wa mbu walipoonekana na mwenye bwawa akashindwa kuwaondoa kwa muda aliopewa. Nawaomba pia walimu wenzangu walio kazini wawatoe wanafunzi darasani na mabakuli hayo hayo, maana mtoto anayejua tofauti ataenda kuwaonyesha wazazi wake.

Bwawa langu nililichimba upya Septemba, baada ya kukubaliana na mwenyekiti wa mtaa kwamba atakuja kulipima mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Amekwisha kuja mara 3. Mara ya kwanza maji yalikuwa mapya na hayakuwa na kitu. Mara ya pili tulikuta viluwiluwi 2 wa mbu kwenye kona iliyosongwa na majani, tukayang'oa siku hiyo hiyo. Mara ya tatu tulichota mara 10, tukapata watoto wa kereng'ende 4 na wa chura wengi, na mwenyekiti akaniuliza kama ile karatasi ya plastiki inauzwa kwa meta.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro.